Betri Mbili na Picha ya Bi. Kazija

Siku yangu ya kwanza kazini, mwaka 1985, nilivaa gauni jeupe. Nilitaka kupendeza. Hakuna aliyeniambia kwamba dawa za kusafishia picha hutia doa la kahawia lisilotoka kwa sabuni wala kwa ndimu. Nilirudi nyumbani, mtaa wa Malindi hapa Unguja, kifua kizima kimechafuka, na mama akanicheka mpaka akakaa kitako. Gauni lile likawa vazi langu la kazi kwa miaka saba.

Studio yenyewe ilikuwa kwenye kichochoro cha Mkunazini, chumba kimoja cha mbele na kimoja cha nyuma. Mwenye studio tulimwita Maalim, kwa kuwa aliwahi kusomesha skuli kabla ya kushika kamera. Alikuwa mtu wa maneno machache, na hayo machache alikuwa hayarudii.

"Umekuja kufanya kazi gani?" aliniuliza.

"Kupiga picha, Maalim."

"Hujafika huko. Utaanza na giza."

Chumba cha giza kilikuwa nyuma ya mapazia mawili mazito. Ndani mlikuwa na taa nyekundu na mabeseni matatu: la kwanza dawa ya kuitoa picha, la pili maji, la tatu dawa ya kuigandisha isififie. Nilikuwa nikiingia humo asubuhi na kutoka adhuhuri macho yakiniuma kwa jua. Kijana wa leo anayepiga picha kwa simu akaiona papo hapo hawezi kujua raha ya kuiona sura ya mtu ikichomoza taratibu kwenye karatasi nyeupe iliyolala majini. Mimi raha ile sikuipata tena mahali popote.

Maalim aliniajiri kwa sababu maalumu. Wanawake wa mjini walikuwa wakipigwa picha harusini na majumbani bila ya buibui, nywele wazi, wamejipamba. Hawakuwa tayari sura zao zionwe na mwanamume wa kando, hata kwenye negativu, ile filamu ambayo nyeusi huwa nyeupe na nyeupe huwa nyeusi. Kabla yangu kazi hiyo aliifanya mkewe Maalim. Mkewe alipoanza kuumwa macho, nikaletwa mimi.

"Sikiliza, Rukia," Maalim aliniambia. "Picha ya mwanamke utaisafisha wewe, utaikausha wewe, utaitia bahashani wewe. Mimi siitazami. Negativu inaondoka na mwenyewe, haibaki hapa. Na asiporidhika nayo, unaichana mbele ya macho yake. Umefahamu?"

"Nimefahamu, Maalim."

"Sura ya mtu ni amana."

Studio nyingine zilikuwa zikiweka negativu zote kabatini. Yetu ilikuwa haiweki hata moja ya mwanamke, na kwa hilo tulikuwa tukiletewa harusi kutoka Mji Mkongwe kote mpaka Ng'ambo. Baada ya miaka miwili nilipewa kamera, nikawa naingia mwenyewe kwenye shughuli za wanawake. Nilichana picha nyingi. Mwanamke anakuja, anaitazama, anasema, "Mbona nimetoka hivi?" basi tunaichana pamoja na hakuna ugomvi.

Mashine za kusafisha picha za rangi zilipoenea, Maalim alifunga. Nilipata kazi katika ofisi moja ya serikali, Kitengo cha Picha, nikiwa mwanamke peke yangu kati ya wapiga picha watano. Mkuu wa Kitengo alikuwa mrefu, mkavu, na alikuwa na ugonjwa mmoja: hakupenda upotevu. Kila asubuhi alitupanga mstari na kugawa filamu mkono kwa mkono.

"Filamu ina picha thelathini na sita," alikuwa akisema. "Siyo thelathini na saba. Mgeni rasmi akikata utepe na wewe filamu imeisha, mimi sikujui."

Tukajifunza kuhesabu. Mpaka leo nikiwa katika shughuli, kichwa changu kinahesabu chenyewe. Nilikuwa nabakisha picha tatu za mwisho kwa jambo lisilotarajiwa, na mara nyingi jambo hilo lilikuja. Mkuu wa Kitengo alinisifu kwa hilo mara moja tu, tena akiwa amenipa mgongo, akiwaambia wenzangu, "Mtizameni Bi. Rukia, yeye haishiwi." Niliyabeba maneno yale kwa muda mrefu kuliko ilivyofaa.

Kamera za dijitali zilitufikia mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Mkurugenzi alirudi safari na kamera ndogo mbili, za kuingia mfukoni, akampa Mkuu wa Kitengo, naye akanipa moja mimi. Filamu hakuna. Kuna kadi, nayo inabeba picha mia. Sote tulifikiri kuhesabu kumekwisha. Wiki ya kwanza tu tukagundua kwamba kuhesabu kumehama kutoka kwenye filamu kwenda kwenye betri.

Kamera ile ilikula betri mbili ndogo, zile za rimoti na saa za ukutani. Nilitia betri mpya za dukani Darajani, nikapiga picha kumi na moja, ikatoa mdomo wake wa lenzi, ikaurudisha, ikazima. Nilidhani nimeiharibu. Aliyenifungua macho ni Mtunza Stoo, mzee mmoja mpole ambaye zamani alikuwa fundi redio.

"Hujaiharibu," alisema. "Saa ya ukutani inaramba. Hii inagugumia. Betri ya kurambwa huwezi kuigugumia."

Akaagiza betri za kuchaji, akanifundisha alichokijua, na mengine niliyapata mwenyewe kwa kuadhirika. Betri mbili ni mtu na mwenziwe: zilizochajiwa pamoja zinatumika pamoja, ukichanganya iliyoshiba na yenye njaa, yenye njaa inamponza mwenzake. Nilizifunga jozi jozi kwa mpira, na nilizitia mkobani zilizojaa vichwa juu, zilizokwisha vichwa chini, ili mkono ujue bila ya jicho kutazama. Ncha nilizifuta kwa kitambaa kikavu, maana jasho na hewa ya chumvi huku kwetu hazichelewi kuziwekea ukungu. Kamera isiyotumika kwa siku kadhaa niliitoa betri tumboni. Na betri ya kuchaji hata ukiiweka bure inapungua yenyewe, kwa hiyo inachajiwa jana ya kazi, siyo wiki iliyopita.

Kisha kuna walaji wanne. Flashi ni mlaji mkubwa. Kuvuta lenzi mbele na nyuma ni mlaji. Kuwasha na kuzima ovyo ni mlaji, kwa kuwa kila inapoamka inatoa mdomo. Na mlaji asiyeonekana ni kile kioo cha nyuma, kinachowaka muda wote na kukuonyesha picha uliyokwisha kuipiga. Kamera ile ilikuwa na kitundu cha kuchungulia juu ya kioo, na ukikizima kioo ukachungulia kwa kitundu kama zamani, betri inadumu mara mbili au zaidi. Nilikuwa nikiwasomesha wenzangu hayo ofisini, nao wakinitania kwa kuniita Mama Betri. Sasa nawaeleza siku Mama Betri alipoishiwa.

Rafiki yangu tangu skuli, Salma, alikuwa akimwoza binti yake Nasra. Mume alikuwa Maskati, na siku mbili baada ya harusi Nasra angeondoka kwenda kuishi huko. Shughuli ya kumpamba bi harusi ilifanyika mchana, nyumbani kwao Mwanakwerekwe, wanawake watupu. Mkuu wa Kitengo aliniruhusu kuichukua kamera ndogo. Umeme wakati ule ulikuwa ukizimwa kwa zamu, na usiku uliotangulia ulizimwa kwetu, kwa hiyo kati ya jozi zangu tatu niliweza kuchaji moja tu. Nilijua. Nilijiambia jozi moja yenye nidhamu inatosha, na kwa kweli ingetosha.

Kabla sijaanza, Nasra alinivuta pembeni. Hina mkononi bado mbichi.

"Mama Rukia, nnataka picha ya Bibi. Hata moja. Nende nayo."

Bibi yake, mamake Salma, ni Bi. Kazija wa Kizimkazi, na watu wote wa nyumba ile walijua kwamba hapigwi picha. Alikuwa na sababu. Miaka ya nyuma alikuwa amekaa barazani kwake akisuka ukili wa mkeka, mgeni mmoja akampiga picha bila ya kuuliza, akenda zake. Mwaka haujapita, mwanawe akaja mjini akamkuta mamake kwenye kadi za posta, katundikwa nje ya duka la watalii, kichwa wazi, ukaya umemdondoka mabegani. Kadi zile hazikumalizika. Kila walipozinunua za duka hili, zilionekana duka la pili.

Nilikwenda kumwamkia. "Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nshajua ulichotumwa."

"Unasemaje, Bibi?"

"Huyu mtoto anakwenda mbali, na mimi ndo hivi unavyoniona. Nnakubali. Lakini ntaiona mimi mwanzo. Nikiridhika, mpe. Nisipoiona, isitoke mkononi mwako. Sura yangu ilishauzwa mara moja, Rukia."

"Ndiyo, Bibi. Utaiona wewe mwanzo."

Akasema atakaa mwishoni, watu wakishapungua, maana haya zilimshika.

Basi nikaanza kazi. Nilikuwa nimekizima kioo na nachungulia kwa kitundu, kama ninavyosomesha. Picha ya nne au ya tano, somo wa bi harusi, yaani kungwi wake, mwanamke hodari kwa maneno, akanishika mkono. "Ati hiyo inaonyesha hapo hapo? Hebu tuione!" Nikakiwasha kioo. Wakaja wote. Na walikuwa na haki, maana vichwa vilikuwa wazi, na desturi yetu ni ile ile ya Maalim, mwanamke aione picha yake na aikatae akitaka. Zamani alikuwa akiiona baada ya wiki, studio. Sasa kila mmoja alitaka kuiona pale pale, na asiyeridhika nilimfutia na kumpiga nyingine, naye akataka kuiona na hiyo.

Hata hivyo nisijifiche nyuma ya desturi. Ningeweza kusema, "Subirini, mtaziona zote mwisho." Nilishasema hivyo harusi nyingine. Siku ile nilinogewa. Miaka kumi na tano nilikuwa nikipiga picha na kwenda kuzitazama peke yangu gizani, na sasa wanawake arubaini walinizunguka wakisema, "Rukia mkono wako mtamu! Mtizame alivyotoka!" Aliyenogewa zaidi alikuwa Nasra mwenyewe. Kila nikimpiga, "Nionyeshe." Nikimwonyesha, "Tena, ile ya mwanzo." Na kweli alikuwa mzuri siku ile, na mimi nikamwonyesha tena na tena. Kichwa changu hakikuhesabu kitu.

Watu walipoanza kula, Bi. Kazija akaniita kwa mkono. Alikuwa amevaa kanga mpya na ukaya umetulia. Nikainua kamera. Ikatoa mdomo, ikaurudisha, ikazima.

Nyumba haikuwa na umeme tangu asubuhi, na hata kama ungekuwapo, kuchaji kunataka masaa. Salma alimtuma mtu akavua betri za saa ya ukutani na za rimoti. Nikazitia ingawa nilijua jawabu, na kamera haikufungua hata jicho. Nasra alikuwa kwenye kiti chake cha harusi akinitazama kwa mbali, hajui lililotokea.

Nikakumbuka neno la Mtunza Stoo, kwamba betri iliyochoka ukiipumzisha hurudisha pumzi kidogo, ya jambo moja. Nikazichukua tena zangu mbili, nikazifuta ncha kwa pembe ya kanga, nikazishika kiganjani nikakaa nazo. Watu wakala biriani, mimi sikula. Kisha nikazirudisha kamerani, nikazima kila kinachozimika kwa kubonyeza haraka haraka, kioo, flashi, mlio, nikaifunga tena kabla haijajua. Nikamweka Bi. Kazija kwenye mlango wa uani penye mwanga wa jua wa kutosha, nikawaomba wengine watupishe. Nikajua nina moja tu.

"Tayari, Bibi?"

"Tayari."

Nikabonyeza. Ikalia ndani kidogo, taa ya kadi ikawaka, ikazimika, na kamera ikafa na mdomo wazi.

"Nione," alisema Bi. Kazija.

"Bibi, haionyeshi. Betri imekwisha."

"Wengine umewaonyesha kutwa nzima."

Nikamwambia, "Ntakuletea Kizimkazi, Bibi, kwenye karatasi. Hakuna atakayeiona kabla yako."

Alinitazama, akajifunga ukaya vizuri. "Haya. Inshallah."

Nasra akaondoka kwenda Maskati na picha zake zote ila hiyo. Umeme uliporudi nilijifungia ofisini nikaitazama, maana kuichapisha lazima uitazame, nikaitoa mwenyewe kwa mashine yetu, nikaitia bahashani. Kwenye kadi nikaifuta. Nikaomba ruhusa ya siku moja kwenda Kizimkazi. Wiki ile kulikuwa na maandalizi ya sherehe uwanjani Amani, na Mkuu wa Kitengo akaniambia, "Kizimkazi haikimbii, Bi. Rukia. Sherehe zikipita utakwenda." Ningeweza kumweleza, angenielewa. Sikumweleza, kwa sababu ningelazimika kusema kwamba nimeishiwa.

Nilikwenda siku ya tisa. Nilipofika niliona mikeka imetandikwa nje na wanawake wamejifunga kanga vichwani. Bi. Kazija alikuwa amezikwa juzi yake. Bahasha ilikuwa mkobani, na nilikaa nayo matangani mapajani, nikalia na wenzangu, nikarudi nayo mjini.

Nasra alipiga simu kutoka Maskati. Sauti yake ilikuwa imekauka. "Mama Rukia, nitumie picha ya Bibi."

"Bibi hakuiwahi, mwanangu."

"Sasa?"

"Alisema asipoiona, isitoke."

"Mtu keshakufa! Mimi ni mjukuu wake, siyo duka!" Akakata. Salma naye alininunia miaka miwili, na akiulizwa sababu anasema, "Fundi mzima, kaishiwa betri, halafu ananisomea sharti." Nilimwendea mzee mmoja msomi nikamuuliza. Akaniuliza, "Ulimjibu nini aliposema isitoke?" Nikasema, "Nilimjibu ndiyo." Akanikaribisha kahawa.

Mwishoni mwa miaka ya elfu mbili nikastaafu. Ofisi ilinipa cheti na kamera nyingine ndogo, yenye betri moja bapa ya kuchaji. Vijana wa mtaani wanakuja kuniuliza mbona betri zao haziweki chaji. Nawaambia waisafishe ncha, wasiiache juani ndani ya gari, waichaji jana ya kazi. Nawaambia wapunguze mwanga wa kioo na waache kutazama kila walichopiga. Wanacheka. Hawajui kwamba hapo nasema kwa uchungu.

Nasra alikuja mwaka ule niliostaafu, mtu mzima sasa, ana watoto wawili. Alikaa sebuleni kwangu, tukanywa chai, tukazungumza ya huko na ya huku. Nikaingia chumbani nikatoka na bahasha, nikaiweka mezani.

"Ndiyo hii," nilimwambia. "Sharti nilipewa mimi, na mimi sina tena nguvu ya kulibeba peke yangu. Ukiichukua, sitakushika mkono."

Aliitazama bila ya kuigusa. "Betri iliisha vipi, Mama Rukia? Mama anasema wewe hukuwa ukiishiwa."

"Sikuichaji vizuri."

"Hapana," alisema. "Nnakumbuka. Nilikuwa nakwambia nionyeshe, nionyeshe."

"Kamera ilikuwa mkononi mwangu, Nasra, siyo mwako."

Machozi yakamtoka, na mimi yakanitoka. Kisha akaichukua bahasha kwa mikono miwili, akaiweka kifuani kwa muda, na akanirudishia haijafunguliwa. "Kama yeye hakuiona," alisema, "na mimi basi."

Iko kabatini. Nimepiga picha kwa zaidi ya miaka ishirini, za wakubwa na za wadogo, na sina iliyotoka vizuri kuliko ile. Nasra aliponiaga mlangoni aliniuliza jambo moja tu, kama Bibi alikuwa akicheka. Nilitaka sana kumjibu.